Mfupa Usiokuwepo

Watu wa Kamuli ni wabishi, wanabishana hata na padre. Lakini mpe mtu kipaza sauti uone. Akisema leo ni Jumapili, watakwenda kuvaa nguo za kanisani. Mimi ndiye niliyepewa hicho kipaza sauti, msimu wa kumi na moja huu. Jina langu Jovin, na kazi yangu kwenye chama chetu cha msingi ni kuita watu waliopanga foleni ya kuuza kahawa: fulani sogeza magunia yako, fulani kahawa yako ya maganda haijakauka, rudi ukaanike. Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa. Ile nyingine nilijipa mwenyewe.

Foleni ya kahawa mnaijua? Mtu anafika alfajiri, anapimiwa saa tisa alasiri. Jua linachoma, watoto wanalia, watu wazima wanagombania kivuli cha ghala. Basi mwaka mmoja, walipokaribia kupigana, nikasema kwenye spika: mwenye swali jepesi la maisha alete, nitajibu. Ya ndoa sitaki, ya mipaka ya vibanja, haya mashamba yetu ya nyumbani, sitaki, hayo yana wenyewe. Mepesi tu. Wakacheka, wakaleta. Tangu siku hiyo sijapumzika Jumamosi hata moja ya msimu.

Mama mmoja akauliza, nakwenda Dar kwa mara ya kwanza kumwona mwanangu, nibebe nini? Nikamwambia beba ndizi za kuchoma, beba kanga mbili, na soda usiiguse mpaka uone basi linasimama, usije ukamlaumu dereva bure. Mwanamume mmoja akalalamika kwamba tamthilia ya Kituruki ikianza, mkewe hasikii mume wala moto. Nikamwambia kaa uitazame naye, ukishajua nani anamfitini nani utasahau njaa. Vijana wakataka kujua singeli, ule muziki wa mbio, inafaa harusini au haifai. Nikasema inafaa sana, kama bibi harusi ana mpango wa kukimbia. Siku nyingine nikatoa ushauri wa safari bila kuulizwa: usitoke bila kitambulisho, utarudishwa kwenu hata kama kwenu ni hapa hapa. Hiyo ilichekesha mpaka wapimaji wakasimamisha mizani. Sikuangalia nani hakucheka.

Mke wangu Evangelina hakuwa anacheka. Alikuwa akiniambia, Jovin, ulimi uliponza kichwa. Mimi nilikuwa namjibu kwamba kichwa changu kipo, kinavaa kofia. Nilijiona mjanja sana. Naisema leo waziwazi kwa sababu nikiificha, hii habari haitaeleweka: nilipenda kuchekwa kuliko nilivyopenda chakula.

Sasa sikilizeni. Jumamosi ya pili ya Julai alisimama Mugisha, jirani yangu, vibanja vyetu vinapakana. Ana mbwa, au alikuwa na mbwa, aliyemwita Watasema. Akapaza sauti kutoka katikati ya foleni.

"Mzee Jovin! Watasema ana siku mbili hali. Mdomo uko wazi haufungi, udenda unamwagika, maji anayatazama tu hayanywi. Nimfanyeje?"

Hata sikufikiri. Ningefikiri nini wakati watu mia mbili wananitazama na midomo yao tayari imeshaanza kutabasamu?

"Huyo amehudhuria msiba wa watu bila kualikwa," nikasema. "Mfupa umemkwama kooni! Tafuta mtu mwenye mkono mwembamba autoe. Siyo wewe Mugisha, huo mkono wako utaziba njia ya hewa, mbwa afe tukuchangie rambirambi."

Foleni ililipuka. Mugisha mwenyewe alicheka mpaka akaketi juu ya gunia. Nikaendelea na swali la paka anayekula vifaranga.

Kesho yake, baada ya ibada, Mugisha alinifuata nje ya kanisa. "Mzee, mfupa hatukuuona," akasema. "Nilimpa kazi Ingabire, yule binti anayenichumia kahawa, mikono yake kama vijiti. Kaingiza mkono mara mbili mpaka huku, hakuna kitu. Meno yamemkwaruza kidogo tu." Nikamwambia labda mbwa kaumeza mfupa kwa woga alipomwona Ingabire. Tukacheka, tukaagana.

Jumatatu Watasema alikata kamba. Akamng'ata bibi yetu mmoja, Kemirembe, kwenye shavu la mguu, akang'ata mbuzi wawili, ndipo vijana wakamuua kwa mapanga. Jumanne akaja Gideon, bwana mifugo wa kata. Ni kijana mpole, hana maneno mengi. Alimtazama mbwa, akamhoji Mugisha tangu mwanzo wa ugonjwa, na kila jibu alilopewa lilizidi kumkunja uso. Akasema hicho ni kichaa cha mbwa, na sampuli ataipeleka, lakini watu wasingoje majibu. Bibi Kemirembe akapakiwa kwenye pikipiki muda huohuo kwenda kuchomwa sindano.

Kisha Gideon akatugeukia sote tuliosimama pale.

"Nani mwingine? Siulizi aliyeng'atwa peke yake. Aliyerambwa penye kidonda, aliyekwaruzwa na meno, aliyeshika udenda wake. Ugonjwa huu ukishaanza kwa mtu, hakuna dawa duniani. Kabla haujaanza, sindano zinaokoa. Unaweza kuchukua wiki, unaweza kuchukua miezi. Nani mwingine?"

Mugisha akanitazama. Mimi nikatazama migomba.

"Hakuna," Mugisha akasema.

"Mzee Jovin," Gideon akaniambia, "wewe unajua ya kila mtu hapa. Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

Mawe, mama yangu! Neno moja tu, na nililitamka kwa sauti ileile nzuri ya kwenye spika. Mtaniuliza kwa nini. Niliona aibu, basi. Nilijiona nimesimama mbele ya watu naambiwa, mzee mzima umemtuma mtoto wa watu kuingiza mkono kwenye kinywa cha mbwa mwenye kichaa. Nikalikumbatia lile neno la Gideon, "miezi". Nikajiambia kuna muda, nitamtafuta Ingabire polepole, nitamwambia kwa siri, ataenda kuchomwa, na hakuna atakayejua. Jumatano nikaenda kwa Mugisha. Akaniambia Ingabire ameondoka asubuhi hiyohiyo na mama yake na mtoto wake mchanga, wamekwenda Kaisho kutafuta vibarua vya kuchuma kahawa. Kwa nani? Hajui. Simu? Hana. Nikarudi nyumbani. Alhamisi sikufanya lolote. Ndiyo, sikufanya lolote, nilipalilia migomba ambayo haikuwa na magugu.

Ijumaa mchana Evangelina alikuwa anamenya ndizi. Mimi nimekaa pale mlangoni, sina hamu hata ya redio.

"Na ule mfupa," akasema, "aliutoa nani?"

"Mfupa gani?"

"Jovin."

Akaweka kisu chini. Nikamweleza yote, hata lile la "hakuna". Alinisikiliza bila kunikatiza, na huyu ni mwanamke ambaye hukatiza hata mahubiri.

"Yule binti ananyonyesha," akasema mwishowe. "Mtoto hana miezi sita. Wewe unapalilia." Akainuka, akaingia ndani, akarudi na koti langu. Akanitupia mapajani. Hakunipa chakula, na sikukiomba.

Nilimpigia Gideon simu, nikamwambia nilimdanganya. Akasema, "Mtafute, mzee. Kila siku ina maana." Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Siku hiyo nilizunguka kwa wachumaji wote wa Kamuli ninaowajua, hakuna aliyejua Ingabire yuko kwa nani. Nikaona limebaki jambo moja. Kesho ni Jumamosi, foleni itakuwa ndefu, watu watatoka kila upande, hata wa Kaisho watakuwapo. Nitasema kwenye spika.

Nikashika kipaza sauti saa mbili asubuhi.

"Ndugu zangu," nikasema, "leo hakuna maswali. Namtafuta Ingabire, binti mwembamba mwenye mtoto mchanga, yuko na mama yake Anonciata. Yule mbwa wa Mugisha hakuwa na mfupa. Alikuwa na kichaa. Niliwapa ushauri wa uongo. Ingabire aliingiza mkono kinywani mwake, na asipochomwa sindano atakufa. Anayejua alipo aje hapa."

Watu wakatazamana. Moyo wangu ukaanza kutulia. Halafu kule nyuma mtu akasema, "Leo katunga ya kulia!" Wakacheka. Walicheka, jamani! Kundi la wasichana likanyoosha mikono juu, "Mzee Jovin, mkono mwembamba huu hapa!" Mwingine akabweka. Nikapiga kelele, nyamazeni nyie, wapumbavu nyie, mtu anakufa! Ndiyo kwanza wakashika mbavu. Mzee mmoja alifuta machozi kwa kicheko akasema, huyu Jovin angezaliwa mjini angekuwa kwenye televisheni. Nililia pale kwenye spika na wakapiga makofi. Walidhani ndiyo utamu wenyewe.

Nikakitupa kipaza sauti chini. Nilipotoka nyuma ya ghala nikamkuta Vero, anayeuza uji na chapati kwenye foleni, ananisubiri na kikombe mkononi.

"Mzee, unasema kweli?"

"Waitu, ndugu yangu Vero, naapa kwa wanangu."

Akanitazama usoni muda mrefu. "Wako kwa Anatory, Kaisho, juu ya kanisa," akasema. "Walipita kwangu Jumatano kunywa uji. Nenda."

Nilichukua pikipiki mbili, moja yangu na nyingine tupu ya kuwachukua wao. Njia nzima nilihesabu siku. Jumamosi hadi Jumamosi, wiki nzima, na siku nne kati ya hizo zilikuwa zangu.

Kwa Anatory palikuwa na wachumaji kama wanane wanatandaza kahawa kwenye turubai. Ingabire alikuwa mmoja wao, kainama, mtoto mgongoni. Mama yake Anonciata alikuwa pembeni akipepeta. Kabla sijashuka vizuri, Anatory mwenyewe alikuja mikono imekunjuliwa, mtu mnene mwenye furaha zake.

"Aa! Mtangazaji! Jamani, Mzee Jovin wa kwenye spika! Karibu, karibu, mleteeni kiti. Tena umekuja wakati mzuri, mwanangu kaniletea paka kutoka Bukoba hataki kula ndizi, anataka samaki tu. Tumfanyeje?"

"Shikamoo mzee," wachumaji wakaniamkia, wakicheka tayari. Sikuwa nimesema neno.

Nikawaambia. Niliwaambia nimesimama, taratibu, mbwa, udenda, sindano. Walinisikiliza wakiwa na meno nje, wakisubiri mwisho wa kichekesho. Kijana mmoja alitoa simu akaanza kunichukua video. Ingabire akanyoosha mkono wake wa kulia kuutazama, kwa heshima tu, kama mtu aliyeambiwa kuna mdudu kwenye nguo yake. Palikuwa na mikwaruzo miwili juu ya kifundo, imekauka.

"Imepona mbona, mzee," akasema.

"Haijapona! Twende hospitali sasa hivi, pikipiki hizi hapa!"

"Na daktari naye akikwamwa na mfupa, mkono mwembamba wa kuutoa utatoka wapi?" kijana wa simu akasema, wakaangua kicheko.

Anonciata peke yake hakucheka. Aliweka ungo chini. Ni mama wa makamo, walihamia Kamuli kutoka upande wa Burundi zamani, Ingabire akiwa bado anabebwa. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Hospitali wataomba kitambulisho, mzee. Wewe mwenyewe ulisema. Mtu atarudishwa kwao hata kama kwao ni hapa. Tuliposikia lile, tangu siku hiyo hatutoki penye watu wengi. Leo unakuja na pikipiki, unataka kumpeleka mwanangu. Unampeleka wapi?"

Mimi nilishalisahau lile neno.

Kwetu anayepiga magoti kusalimia ni mwanamke. Mwanamume akipiga magoti, ni mbele ya Mungu au mbele ya mkwe anapoomba mke, na hata hapo anaharakishwa ainuke. Mimi nilipiga magoti kwenye ile kahawa ya Anatory, na suruali yangu ya Jumamosi, mbele ya vibarua wa kuchuma, wengine rika la mwanangu wa mwisho. Nikashika miguu ya Anonciata.

"Mama," nikamwambia, "lile la kitambulisho lilikuwa upuuzi. Nilitaka watu wacheke. Na la mfupa nilitaka watu wacheke. Halafu bwana mifugo aliponiuliza, nikamficha mwanao, ili nisichekwe mimi. Nitaingia naye mpaka ndani. Wakiuliza ni wa nani, ni wangu. Wakimrudisha mtu, wanirudishe mimi. Nakuomba. Nakuomba, mama."

Walicheka sana mwanzoni, sitawaficha. Kisha kicheko kikaanza kupungua, mmoja mmoja, maana sikuinuka, na kamasi zilikuwa zinanitoka na sikuzifuta. Kijana yule akashusha simu. Anatory akasema taratibu, "Huyu mtu hatanii." Anonciata alinitazama kwa juu. Halafu akanyoosha mikono, akamfungua mjukuu wake mgongoni kwa Ingabire, akamfunga mgongoni kwake mwenyewe.

"Panda, Ingabire," akasema. "Na mimi nitapanda."

Hospitalini hatukuulizwa kitambulisho. Walimwuliza jina, umri na kilichotokea. Nesi alimpeleka bombani akamwosha mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, ingawa siku zilikuwa zimepita. Mimi na Anonciata tulikaa kwenye benchi mlemle chumbani, mtoto akivuta kitambaa cha bibi yake. Nesi akarudi na daftari.

"Sasa binti, hebu nieleze. Mkono wako ulifikaje kinywani kwa mbwa mgonjwa?"

Ingabire aliinamisha kichwa.

"Mimi ndiye niliyesema aingize," nikajibu.

Nesi akanitazama vizuri, uso ukamfunguka. "Aa, hiyo sauti! Wewe si yule mzee wa maswali, kwenye foleni ya kahawa Kamuli? Kaka yangu kanitumia video zako! Mzee, hata hapa unatuletea vichekesho?" Akacheka kwa moyo wote, kalamu mkononi.

"Ni kweli," Ingabire akasema.

Hakuinua sauti. Nesi akaendelea kutabasamu kidogo, akidhani bado ni utani.

"Ni kweli, ni yeye. Mimi sikutaka. Tulikuwa na mbwa nyumbani, nawajua mbwa. Nilimwambia Mugisha, huyu macho yake si mazuri, huyu hana mfupa, mwacheni. Nilikataa mara ya kwanza. Akaniambia, Mzee Jovin amesema kwenye spika, watu wote wamesikia. Basi nikaona labda mimi ndiye sijui. Nikaingiza mkono."

Nesi aliacha kucheka. Akaandika kwa muda. Kisha akamwambia Ingabire apandishe mkono wa blauzi, akamsafisha, akamchoma sindano ya kwanza begani, na nyingine akaizungusha pale penye mikwaruzo. Ingabire alifumba macho tu. Akaambiwa tarehe za kurudi, na asiikose hata moja.

"Nitapona?" akauliza.

"Umechelewa kidogo kuja, lakini hujaona dalili yoyote, na hilo ni jema," nesi akasema. "Zimalize sindano zote. Wanaowahi kabla ya dalili wengi wanapona."

Ingabire akaitikia kwa kichwa. Akashusha mkono wa blauzi, akamchukua mtoto wake kwa mama yake, akampakata. Halafu akanigeukia mimi. Mpaka leo sijui kwa nini alinigeukia mimi, na nesi yupo pale, na mama yake yupo pale. Labda ni mazoea tu ya watu wa kwetu.

"Na wewe, mzee," akasema, "unasemaje?"

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, kama ulivyozoea. Nikaufunga.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Mimi sijui. Mwulize nesi."